Mitutu Miwili Yamtosha Mwindaji

Juma hili tuzungumze habari za bunduki. Nawe mama, usiligeuze gazeti ukidhani kuwa maneno haya ni ya wanaume tu. Hatusemi habari za vita wala za wanyang'anyi. Twasema habari za mtu na chombo chake: jinsi mwindaji awezavyo kushika chombo cha namna moja tangu ujana mpaka uzee, hali wengi wanaomzunguka wamekwisha kukiacha, na tuulizane kama ana haki kufanya hivyo, au ni ukaidi tu.

Kwanza tuelewane juu ya vyombo vyenyewe. Bunduki ya kuwindia ndege haitupi risasi moja. Hutupa marisau, yaani punje ndogo za mviringo, mia na zaidi kwa mara moja, nazo hutawanyika zikienda. Maana ndege yu mbioni angani, na risasi moja ingempata kwa bahati tu. Bunduki hizi hupimwa kwa namba, na iliyo ya kawaida ni namba 12. Maana ya namba hiyo ni rahisi. Ukifanya mipira ya madini ya risasi yenye unene sawasawa na tundu la mtutu, mipira 12 itatimiza uzito wa ratili moja. Ndiyo sababu bunduki ya namba 20 ni nyembamba kuliko ya namba 12, ingawa hesabu yake ni kubwa zaidi.

Sasa, bunduki ya mitutu miwili ni hii: mitutu imelala ubavu kwa ubavu, nayo imeungwa na kitako kwa bawaba, kama mlango. Ukitaka kuijaza waikunja katikati, watia risasi moja katika kila mtutu, kisha waifunga. Mara nyingi ina vifyatulio viwili, kimoja kwa kila mtutu. Mwaka 1875, huko Birmingham, Uingereza, mafundi wawili, Anson na Deeley, walibuni mtambo ambao kule kuikunja bunduki kwenyewe huuandaa tayari kwa kupiga. Bunduki nyingi za mitutu miwili za leo ni wana wa mtambo huo.

Bunduki ya pampu ni nyingine kabisa. Ina mtutu mmoja, na chini yake bomba jembamba liwekalo risasi za akiba. Ukisha kupiga, wavuta nyuma kishikio kilicho chini ya mtutu, na ganda tupu laruka nje. Wasukuma mbele, na risasi mpya yaingia mahali pake. Ni mwendo ule ule wa mtu ajazaye upepo gurudumu la baiskeli, na jina lake limetoka humo. Mmarekani John Browning ndiye aliyebuni pampu iliyopata sifa sana, ile ya kampuni ya Winchester ya mwaka 1897. Zikatengenezwa kama milioni moja mpaka mwaka 1957. Pampu ya kampuni ya Remington iliyotoka mwaka 1950, iitwayo Model 870, imekwisha kupita milioni 10. Kwa hiyo usidhani kwamba pampu ni chombo cha wachache. Huko Marekani ndiyo bunduki ya mkulima, ya fundi, na ya kijana aliyepata mshahara wake wa kwanza.

Katika nchi hiyohiyo ya pampu aliishi mwindaji mmoja mashuhuri, jina lake Nash Buckingham. Alizaliwa mjini Memphis, jimbo la Tennessee, karibu na mto Mississippi, mwaka 1880, akafa mwaka 1971. Alikuwa kijana wa kama miaka 17 pampu ile ya Browning ilipotoka. Basi hawezi mtu kusema kuwa alikuwa mzee wa kale asiyejua mambo mapya. Alikua pamoja na pampu, akaishi katikati ya watu wenye pampu, akaandika vitabu na makala nyingi za uwindaji zilizosomwa na wenye pampu. Lakini bunduki iliyompatia jina ilikuwa ya mitutu miwili.

Bunduki hiyo alitengenezewa katika miaka ya 1920 na fundi Burt Becker, kwa mtambo wa kampuni ya A. H. Fox ya Philadelphia. Mitutu yake ilikuwa na urefu wa inchi 32, na bunduki nzima ilikuwa na uzito wa kama ratili 10. Ilipiga risasi ndefu za inchi 3, kwa ajili ya bata warukao juu sana. Rafiki yake mmoja aliipa jina "Bo-Whoop", kwa kuuigiza mlio wake. Hebu fikiri, bunduki ambayo mtu akiisikia toka mbali mabwawani aweza kusema, "Yule pale ni fulani."

Kisha ikapotea. Ilikuwa Desemba ya mwaka 1948, katika jimbo la Arkansas. Buckingham na mwenzake walikuwa wakirudi kutoka kuwinda bata, askari wa wanyamapori wakawasimamisha ili watazame vibali vyao. Bunduki ikawekwa juu ya bawa la motakaa. Maongezi yakaisha, watu wakaagana, motakaa ikaondoka, na bunduki ingali juu yake. Walipokumbuka na kurudi, haikuwapo tena. Wakatafuta, wakauliza, wakatangaza. Wapi!

Nisemalo hapa si msiba wenyewe, ni jambo lililofuata. Marafiki zake walipotaka kumfariji, hawakumletea pampu mpya, ingawa madukani zilikuwa tele na kwa bei nafuu. Walimpatia nyingine ya mitutu miwili, mfano wa ile ya kwanza. Walimjua mtu wao. Naye alikuwa amekwisha kupita miaka 65, umri ambao mtu aweza kusema, "Basi, sasa nichukue kilicho chepesi." Hakusema hivyo.

Labda utauliza: kuna nini katika mitutu hii miwili hata mtu aishikilie hivyo? Nitakutajia mambo manne, nawe uyapime.

La kwanza ni hili. Mtutu wa bunduki ya marisau waweza kubanwa kidogo mdomoni. Ukibanwa, marisau huenda mbali yakiwa pamoja. Usipobanwa, hutawanyika mapema. Katika bunduki ya mitutu miwili, fundi huuacha mtutu mmoja wazi zaidi, kwa ndege wa karibu, na huubana wa pili, kwa ndege wa mbali. Kwa hiyo mwenye vifyatulio viwili huchagua papo hapo, kwa kusogeza kidole tu. Mwenye pampu ana mtutu mmoja. Jinsi ulivyo asubuhi ndivyo ulivyo ndege akitokea.

La pili ni urefu na uzani. Pampu yahitaji sanduku la chuma nyuma ya mtutu, mahali risasi zinapopita kwenda na kurudi. Sanduku hilo laongeza inchi 3 au 4. Kwa hiyo ukizipanga bunduki mbili zenye mitutu ya urefu mmoja, ile ya mitutu miwili ni fupi zaidi. Tena uzito wake umekaa katikati ya mikono miwili ya mwindaji, si mbele wala si nyuma. Mkulima ajuaye tofauti ya jembe lililotiwa mpini vizuri na lililotiwa vibaya atanielewa upesi, maana jambo hilo halionekani kwa macho, bali mkono walijua.

La tatu ni kwamba mitutu miwili ni kama bunduki mbili katika mkono mmoja. Upande mmoja ukiharibika, wa pili wabaki. Ndiyo maana hata hapa kwetu, katika Kenya na Tanganyika, wawindaji wengi waliofanya kazi ya kuwaongoza wageni kwa tembo na nyati walipenda bunduki kubwa za risasi zenye mitutu miwili. Nyati akikujia hana subira ya kungoja utengeneze mtambo uliokwama.

La nne, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote kwa watu wenye watoto, ni usalama. Bunduki ya mitutu miwili ikikunjwa, hakuna siri. Kila mtu aliye karibu aona matundu mawili, aona mwanga upande wa pili, ajua kwamba haina kitu. Mwindaji akivuka kijito au akipanda ua, huikunja, na mwenzake huona kwa macho yake kuwa ameikunja. Pampu huficha risasi zake ndani ya bomba. Mtu aweza kutoa iliyomo mtutuni, akafurahi kuwa amemaliza, kumbe nyingine zingali zimelala chini zangoja. Kwa hiyo mwenye pampu apaswa kuhesabu na kutazama mara mbili, kila siku, asichoke. Na yeyote mwenye bunduki nyumbani, ya namna yoyote, ajue sheria hizi: itolewe risasi kabla ya kuingia mlangoni, ifungiwe, na risasi zifungiwe mahali pengine.

Hata hivyo tusimwonee mtu wa pampu. Naye ana maneno yake, tena si ya kipumbavu. Atasema kwamba bunduki ya mitutu miwili iliyo nzuri ni ghali mno. Ni kweli. Mitutu miwili iliyolala pamoja haipigi mahali pamoja kwa yenyewe. Fundi lazima aielekeze kwa kuinamisha kidogo, aiunganishe kwa moto, aijaribu, airekebishe tena, mpaka yote miwili ipige mahali ambapo jicho latazama. Kazi hiyo ni ya mikono, na mikono ya fundi hulipwa. Kampuni ya Parker, ya mji wa Meriden huko Connecticut, ilikuwa na sifa nchi nzima kwa bunduki zake za mitutu miwili, lakini mwaka 1934, siku zile za dhiki kuu, ikanunuliwa na Remington, na baada ya miaka michache bunduki zake zikaacha kutengenezwa. Pampu hutengenezwa kwa mashine, maelfu kwa maelfu. Mtu wa mshahara mdogo aliweza kuinunua na kuwapatia watoto wake kitoweo. Atasema pia kwamba pampu yastahimili matope na maji, na kwamba mtutu mmoja ni rahisi kwa jicho kuufuata. Tena atasema kwamba risasi ya tatu yaweza kummaliza ndege aliyejeruhiwa, asiende kufia majanini bure. Maneno hayo yote ni ya haki.

Lakini tuitazame ile risasi ya tatu kwa makini, maana hapo ndipo penye shina la mabishano. Kundi la bata likija juu ya bwawa, risasi ya kwanza hupigwa wakati ndege yu karibu. Ya pili hupigwa wakati kundi limeshtuka na kupanda. Ya tatu je? Mara nyingi hupigwa mgongoni mwa ndege waliokwisha kwenda mbali. Marisau huwafikia yakiwa machache na yamechoka. Ndege haanguki, ila huondoka na punje mbili tatu mwilini, akafe mahali ambapo hapana mtu wa kumwokota. Hivyo risasi ileile isifiwayo kuwa humaliza waliojeruhiwa yaweza pia kuwaongeza. Mwenye mitutu miwili hana jaribu hilo. Ajua tangu mwanzo kuwa ana mbili tu, na kwa kuwa ajua, hungoja. Huchagua ndege mmoja badala ya kulipigia kundi zima. Walio mbali huwaacha wapite. Akiisha kupiga mbili, hana budi kusimama na kutazama alichofanya.

Tusijidanganye, wasomaji, kwamba mitutu miwili humfanya mtu kuwa mwema. Historia yatukataza kusema hivyo. Zamani Amerika ya Kaskazini ilikuwa na njiwa wa porini, mabilioni kwa hesabu, ambao makundi yao yalipita angani kwa saa nyingi yakilifunika jua. Wa mwisho kati yao, jike aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba, 1914. Ni nani aliyewamaliza? Si pampu. Mauaji makubwa ya njiwa hao yalikuwa katika miaka ya 1870 na 1880, kabla pampu ya Browning haijatoka. Yalifanywa kwa nyavu, kwa fimbo, kwa moshi, na kwa bunduki zilezile za mitutu miwili, na watu waliowapeleka sokoni kwa mapipa, huku misitu waliyotagia ikikatwa. Mtu mwenye tamaa hujaza tena na kupiga tena mpaka mitutu iwe moto.

Hata baadaye, bata walipokuwa hatarini, watu walijifunza kwa uchungu. Mwaka 1918 Marekani ilitunga sheria ya kuwalinda ndege wahamao, na biashara ya kuwauza ndege hao wa porini ikakatazwa. Katika miaka ya 1930 ukaja ukame mkali, mabwawa ya kaskazini yakakauka, na bata wakapungua sana. Mwaka 1934 ikaanzishwa stampu ya bata, ambayo wawindaji wa bata lazima wainunue, na fedha zake zatumika kuhifadhi mabwawa. Ya kwanza iliuzwa dola 1. Kisha mwaka 1935 ikatolewa amri nyingine: bunduki yoyote yenye bomba la risasi, akiishika mwindaji wa bata, lazima itiwe kizibo ndani ili isiweze kuchukua zaidi ya risasi 3 kwa jumla. Amri hiyo ingali ni kanuni ya kawaida mpaka leo.

Waona jinsi ilivyokuwa? Serikali ilipotafuta kiasi kinachofaa, ilimrudisha mtu wa pampu kutoka risasi 5 au 6 hadi 3. Mzee wa mitutu miwili hakuguswa na amri hiyo hata kidogo, maana yeye alikuwa amekwisha kusimama kwenye 2 tangu ujana wake, bila ya kulazimishwa na askari. Hii ndiyo heshima yake. Si kwamba bunduki yake ni takatifu, bali alijiwekea mpaka siku aliyoichagua, wakati ambao hapana aliyemtaka afanye hivyo.

Na mpaka huo una gharama yake, hata leo. Tangu mwaka 1991 marisau ya madini ya risasi yamekatazwa Marekani nzima katika kuwinda bata. Sababu ni nzuri. Bata hutafuta chakula matopeni, humeza marisau yaliyozama humo, nayo huwaua kwa sumu. Badala yake watu wengi hutumia marisau ya chuma. Lakini chuma ni kigumu, na mitutu ya kale, hasa ile iliyobanwa sana, yaweza kuharibika. Pampu mpya haina taabu nacho. Mwenye bunduki ya babu yake lazima anunue marisau ya madini laini, kama bismuthi, ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya chuma mara kadhaa. Wako wanaoinunua. Hupiga mara chache zaidi, basi, na kila risasi wanaifikiri kabla ya kuitia.

Mtasema, "Sisi hatuna bunduki wala hatuwindi bata, haya yatuhusu nini?" Yatuhusu. Kila kazi ina pampu yake na mitutu yake miwili. Mvuvi ana wavu wa macho mapana na wavu wa macho madogo. Mkata miti ana shoka na ana msumeno wa moto. Chombo kipya mara nyingi ni chema, na kukikataa kwa sababu ya upya wake tu ni ujinga. Lakini kila chombo kiongezacho nguvu huondoa pia kizuizi fulani kilichokuwa kikitusaidia bila sisi kujua. Shoka lilimchosha mtu jioni, msitu ukapumzika. Msumeno hauchoki. Basi anayeuchukua msumeno hana budi kujiwekea mwenyewe ile jioni ambayo shoka lilimwekea.

Kwa hiyo ukimwona mzee ameshika chombo chake cha zamani, usimcheke upesi. Mwulize kwanza sababu yake. Labda hana ila mazoea, nawe utakuwa umepoteza dakika tano tu. Lakini labda atakuambia jinsi alivyochagua kipimo chake akiwa kijana, na jinsi kilivyomtosha.

Ile Bo-Whoop ya kwanza, ikiwa wataka kujua, haikupotea milele. Baada ya zaidi ya miaka 50 ilionekana tena, na mwezi wa Machi mwaka 2010 ikauzwa mnadani kwa zaidi ya dola 200,000. Aliyeinunua alikuwa mtoto wa ubatizo wa Buckingham. Hakuifungia nyumbani kwake. Aliitoa kwa chama cha Ducks Unlimited, chama kilichoanzishwa mwaka 1937 ili kuhifadhi mabwawa ya bata, nacho kikaiweka Memphis watu waitazame. Wenye pampu nao huenda kuitazama.